Historia ya ushuru imo ndani ya andazi la shilingi kumi

NILIPOKUWA Burumba mwezi jana, niliamka alfajiri kwenda kununua mandazi kwa mama mmoja anayekaanga kando ya barabara, hatua chache kutoka steji ya bodaboda. Namfahamu tangu akiwa msichana, akimsaidia mamake kazi iyo hiyo. Nilitoa noti ya shilingi mia moja nikaomba kumi. Akayafunga kwa gazeti kuukuu (huenda hata safu hii imewahi kufunga mandazi ya watu) akanikabidhi. Nililipima furushi kwa mkono, nikaliona jepesi.

"Mama, mbona mandazi yako siku hizi yamekonda?"

Hakucheka. "Mwalimu, bei si ni ile ile? Kumi ni kumi. Lakini mafuta imepanda, sukari imepanda, unga ndiyo usiseme. Sasa nikisema ni kumi na mbili, hawa watoto wa shule watatoa hiyo mbili wapi? Mimi napunguza donge. Mtu haulizi donge, anauliza bei."

"Na nyongeza yangu je?"

"Nyongeza ilikufa kitambo, mwalimu. Ile ya mama yangu."

Nilirudi nyumbani nikiitafakari kauli hiyo. Katika masoko yetu, nyongeza ni kile kidogo ambacho muuzaji humtilia mteja juu ya alicholipia: nyanya moja ya ziada, kiganja cha omena, andazi la kumi na moja. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua na kuidai. Leo imetoweka, na kabla ya kumlaumu mama wa Burumba ni vyema tuulize imekwenda wapi.

Katika makala haya ninanuia kuyafuata maneno machache ya Kiswahili yanayohusu utozaji: ushuru, kodi, magendo na msamaha. Nitayafuata kutoka pwani hadi Busia, kisha nirudi kwenye karai ya mama huyu. Hoja yangu ni moja. Kila utawala uliopita hapa umekitoza chakula cha watu kwa jina lake, na aghalabu jina hilo limeficha ni nani hasa anayelipa.

Tuanze na andazi lenyewe. Neno hili linatokana na kitenzi andaa, yaani kutayarisha, hususan chakula. Maandazi ni vitu vilivyoandaliwa. Sisi wa Busia husema "mandazi moja," jambo ambalo mwalimu wangu wa shule ya msingi alilikosoa kila juma bila mafanikio. Lakini tazama kinachoandaliwa. Unga wa ngano kwa sehemu kubwa hutokana na nafaka iliyotoka ng'ambo, na Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa nchi tunazozitegemea sana. Mafuta ya kukaangia ni ya mawese, kutoka Indonesia na Malaysia. Sukari hutoka viwanda vya magharibi mwa Kenya, Uganda, au nchi za mbali. Urusi ilipoivamia Ukraine mnamo Februari 2022, na Indonesia ilipozuia mafuta yake ya mawese kuuzwa nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23 mwaka uo huo, habari hizo zilitangazwa kama mambo ya dunia. Burumba zilifika zikiwa ndani ya karai.

Kuna jambo la pili, la sarafu. Mfukoni mwa Mkenya mna sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20. Bei ya vitafunio vya mitaani hukaa juu ya sarafu hizo kama kuku juu ya ngazi: hupanda kidato kizima au haipandi kabisa. Andazi haliwezi kutoka shilingi 10 kwenda 10 na senti 60. Gharama ikizidi kidogo, bei husimama palepale na donge hupungua. Gharama ikizidi sana, bei huruka hadi kidato kinachofuata, na donge hurudi kunenepa kwa muda. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya uchumi asisome bei peke yake. Apime donge.

Sasa tuyarudie maneno. Ushuru limetoka kwa Kiarabu, ushr, maana yake sehemu moja ya kumi. Ndani ya neno lenyewe mna hesabu. Lilipotia mizizi pwani ya Afrika Mashariki, jina lilibaki lakini hesabu ikabadilika. Mkataba ambao Seyyid Said alitiliana na Marekani mnamo 1833 uliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia katika himaya yake kuwa asilimia 5. Yaani fungu la kumi lilitozwa nusu ya kumi, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha neno. Leo tunatumia neno lilo hilo kwa 16, kwa 25, kwa 35.

Sultani hakukusanya mwenyewe. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 aliikodisha kazi ya forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri miongoni mwao ikiwa nyumba ya Jairam Shivji. Mkodi alimlipa Sultani kiasi walichoafikiana, kisha akatoza kwa niaba yake, na kilichozidi kikawa chake. Nimetumia makusudi kitenzi kukodisha, kwa kuwa kinatupeleka kwenye neno la pili, ambalo nitalifikia hivi punde.

Kabla ya hapo, msomaji aliyewahi kufika Unguja anaijua Forodhani, bustani iliyo mbele ya bahari ambako watu hukusanyika jioni kula mishikaki, pweza na urojo. Jina hilo ni la forodha, mahali pa kutozea bidhaa zilizoshuka majahazini. Watozaji wameondoka zamani, wapishi wamekuja, jina limebaki. Kila nikifika pale hujiambia kwamba hakuna mji mwingine uliokiri waziwazi kiasi hicho kwamba forodha na sahani ya chakula ni majirani.

Busia haikuwa na majahazi. Utozaji ulifika kwetu kwa njia nyingine, na kwa neno jingine: kodi. Katika Kiswahili, kodi ni malipo ya kutumia kitu cha mwenzio. Mpangaji hulipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba, na mwenye gari hulikodisha. Lakini kodi pia ni malipo kwa serikali. Lugha nyingine huzitenganisha dhana hizi mbili. Sisi tumeziweka katika neno moja, na wakoloni wakaja wakatufanyia mtego humo humo.

Mnamo 1901 utawala wa Kiingereza ulianzisha kodi ya nyumba katika Himaya ya Afrika Mashariki. Haikuwa ya kupanga. Ilitozwa kwa kila kibanda, hivyo mwenye wake watatu alihesabiwa vibanda vitatu. Desemba mwaka huo reli kutoka Mombasa ilifika ufuo wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Aprili 1, 1902, eneo lote lililokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, nasi tukiwa ndani yake, lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki kwa kalamu. Wasamia, Wakhayo na Wateso walilala Uganda wakaamka kwingine. Mito Sio na Malaba, iliyokuwa ya kuchota maji, ikaanza safari ya kuwa mpaka.

Nyanya yangu alikuwa akisimulia swali la babake kuhusu kodi hiyo: "Nyumba nimeijenga mwenyewe kwa miti yangu. Ninampangia nani?" Wajukuu tulicheka, tukidhani mzee hakuelewa. Siku hizi naona alikuwa ameielewa lugha kuliko aliyemtoza. Katika Kiswahili alichokisikia, kodi ililipwa na aliyetumia cha mwingine. Kumtoza kodi mtu kwa nyumba yake mwenyewe kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni mpangaji nchini mwake.

Je, haya yanahusianaje na chakula? Yanahusiana sana. Baada ya muda kodi ilidaiwa kwa rupia, na rupia hazikuota shambani. Mtu alilazimika kuuza kazi yake au kuuza mavuno. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza tangu 1907, alihimiza kilimo cha simsim, pamba na mahindi ili wenyeji wapate fedha na treni ipate mizigo. Mahindi, yaliyopata soko kwa urahisi, yalizidi kuingia mashambani, na wimbi na mtama vikasogezwa pembeni. Ugali tunaouita wa asili, huu mweupe, uliingia chunguni ukiongozana na kodi. Nyanya yangu hadi kufa kwake hakuuita obusuma kwa moyo mkunjufu. Kwake obusuma halisi ulikuwa wa wimbi. Tunapozungumzia kodi na chakula huwa tunafikiria bei tu. Huku kwetu kodi ilibadilisha hata kile kilichomo sahanini.

Wala hatukuwa wa kwanza duniani. Wafalme wa Ufaransa walitoza chumvi kwa karne kadhaa, hadi mapinduzi yalipoifuta kodi hiyo mnamo 1790. Waingereza waliitoza chumvi ya India, na mnamo 1930 Mahatma Gandhi akatembea siku 24 hadi pwani kuiokota bure. Mantiki ni ile ile. Mtozaji hupenda kitu ambacho mtu hawezi kukiacha: paa la kulalia, chumvi ya mchuzi. Anayekula kidogo na anayekula kingi hutia chumvi karibu sawa, na ndiposa kodi ya namna hiyo humwelemea maskini zaidi.

Tukirudi mpakani, kwa miaka mingi ule mstari wa 1902 haukuuma sana tumboni. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mnamo 1917. Ndizi, mihogo na samaki vilivuka bila kuulizwa mengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliurithi ushirikiano huo, kisha ikavunjika 1977. Lakini kabla haijavunjika, mpaka ulikuwa umekwisha kuwa na meno.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na viwanda na maduka waliyoyaacha yakadorora. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu upande wa pili. Februari 1976 Amin akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, akiufufua ule uhamisho wa 1902. Wakati wanasiasa wakigombea ardhi, watu wa Busia walikuwa wanashughulikia kilo za sukari. Hapo ndipo neno magendo lilipotawala midomo. Lilikuwepo tangu zamani katika Kiswahili kwa maana ya biashara ya kujificha, lakini Uganda ya miaka ya 1970 ililipa makao mapya. Uchumi mzima ukaitwa magendo. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mnamo Julai 1975 na bei ikapaa duniani, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya kupitia vichochoro vya Mlima Elgon, na soko la Chepkube likawa jina la utajiri wa ghafla.

Mama yangu hakuona kahawa hiyo. Yeye aliuza mandazi asubuhi, na jioni alifunga kilo mbili tatu za sukari kiunoni, chini ya leso, akapanda nyuma ya baiskeli kuvuka. Vijana wa baiskeli walikuwa wakiita abiria, "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka, kwa kuwa kati ya vituo viwili vya forodha palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mzigo. Neno la Kiingereza la mpaka likarudiwa mara mbili, likatiwa irabu, likawa letu. Wengi husema kwamba bodaboda ilizaliwa hapa Busia, na mimi kama mwana wa Busia sina sababu ya kubisha. Leo neno hilo linasikika Dar es Salaam, Kampala na Goma. Wanaolitumia huko hawajui kwamba ndani yake mna ushuru uliokwepwa.

Je, mama yangu alikuwa mhalifu? Kwa sheria, ndiyo. Kwa lugha ya mtaa, alikuwa "anajitafutia." Sitaki kuyapamba magendo, yalitajirisha wababe, yakaua watu, yakazinyima serikali zote mbili fedha za dawa na shule. Ninachosema ni kwamba magendo ni ramani. Ukitaka kujua ni upande gani umeharibu sera zake, tazama mzigo unaelekea wapi. Miaka ya 1970 sukari ilitoka Kenya kwenda Uganda. Siku hizi hutoka Uganda kuja Kenya, pamoja na mahindi, mayai na maziwa. Mto Sio haujahama.

Jumuiya ilifufuliwa, mkataba wake ukaanza kutumika mwaka 2000. Januari 2005 umoja wa forodha ukaanza, na Julai 2010 likafuata soko la pamoja. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hushughulikiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Kwa mujibu wa kanuni, mali iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haistahili kutozwa ushuru wa forodha, na mchuuzi mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo. Ni habari njema. Lakini hadi leo, Busia na Malaba, akina mama wengi wenye vikapu hupita njia za panya.

Neno hilo nalo linastahili kuangaliwa. Njia za panya limeshakuwa istilahi. Utalisikia kwa polisi, kwa maafisa wa forodha na kwa watangazaji. Linamfananisha mwenye kikapu na mnyama mharibifu wa ghala. Nilimuuliza mama mmoja wa Malaba anayevusha mayai kwa nini hapiti kituoni ilhali sheria inamruhusu. Alinijibu: "Huko wananiuliza karatasi kwa Kizungu. Huku naulizwa tu habari ya asubuhi."

Tena ruhusa yenyewe haitabiriki. Machi 5, 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku hiyo ikaondolewa kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli na serikali ina wajibu wa kuwalinda walaji. Lakini siku hizo chache zilitosha kuacha malori yakisubiri mpakani, na mzigo unaosubiri hula fedha: dereva hula, mahindi huharibika, mkopo huzaa riba. Mwisho wa siku gharama hiyo huishia kwa anayenunua gorogoro moja la mahindi, ambaye hakuwahi kusikia kwamba palikuwa na marufuku.

Nifikie sasa neno la mwisho, msamaha. Hapa nawaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo.

Tangu Januari 1990 Kenya ina ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ambao Watanzania huuita kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Vyakula vya msingi hupewa unafuu, lakini kwa njia mbili ambazo magazeti yetu, hili likiwamo, huzichanganya. Kuna bidhaa zinazotozwa asilimia sifuri, na kuna bidhaa zinazosamehewa. Kwa sikio la Mswahili, kusamehewa ni bora. Sifuri ni namba ya mtihani ulioanguka. Msamaha ni rehema.

Ukweli ni kinyume. Tuseme mwokaji mikate amelipa shilingi 116 za umeme na karatasi za kufungia, na kati yake shilingi 16 ni VAT. Mkate ukitozwa asilimia sifuri, mwokaji hudai zile 16 arudishiwe na serikali, na mkate unabaki bila ushuru ndani yake. Mkate ukisamehewa, hatozi ushuru anapouza, lakini pia hana haki ya kurudishiwa zile 16. Atazitia wapi? Atazitia ndani ya bei, au atapunguza mkate. Mnunuzi atalipa ushuru usioandikwa kwenye risiti, huku akiambiwa amesamehewa. Ndiyo maana bidhaa inapohamishwa kutoka sifuri kwenda kwenye orodha ya msamaha, bei inaweza kupanda bila mtu yeyote kutamka kwamba kodi imeongezwa.

Mama wa Burumba yuko katika hali iyo hiyo. Sheria humtaka mfanyabiashara ajisajili kwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Karai moja haifiki huko hata kwa ndoto. Kwa hiyo anaponunua mafuta yenye asilimia 16 ndani yake, hana pa kuidai. Serikali humwona kama mlaji wa mwisho, ilhali yeye ni mzalishaji. Akitaka kuirejesha ile 16, wa kumwendea ni mtoto wa shule mwenye sarafu moja.

Nimewahi kujaribu kupima jambo hili kwa macho. Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ilishushwa hadi asilimia 14, ikarudi 16 Januari 2021. Sikuona andazi likinenepa katika miezi hiyo tisa. Ushuru wa mafuta ya petroli nao, ulioanza kutozwa Septemba 2018 kwa 16 na kupunguzwa hadi 8 mwezi uo huo baada ya malalamiko, ulirudishwa 16 Julai 2023. Safari hiyo tuliona. Kila gunia la unga na kila mtungi wa mafuta hufika Busia kwa lori. Ushuru ni kama maji ya mto: hushuka upesi hadi kwa aliye chini, lakini kuupandisha tena mlimani ni kazi.

Ndiyo sababu nauona mwaka 2024 kuwa mwaka wa lugha pia. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya mimea yatozwe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Uliandikwa kwa Kiingereza, tena kile kigumu cha mawakili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini miswada ya fedha hutujia kwa lugha moja. Safari hii vijana hawakungoja. Waliufasiri mswada huo kwa Kiswahili na lugha za mama, wakaueleza kwa video fupi, hata kwa lugha ya ishara. Juni 18 mapendekezo kuhusu mkate na mafuta yaliondolewa. Maandamano hayakuisha, Juni 25 watu waliuawa na bunge likavamiwa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Nawaachia wengine uchambuzi wa kisiasa. La safu hii ni moja: mswada wa fedha ulifika sokoni ukiwa umefasiriwa, na soko likajibu.

Wapo wataalamu watakaosema kwamba nchi haijengwi bila kodi. Nakubaliana nao. Hospitali, barabara ya lami inayopita Burumba na mshahara wa mwalimu kama mimi hutokana na kodi. Hata mama wa mandazi hapingi kulipa. Kila siku hulipa ada ya kaunti na huiweka risiti yake vizuri ndani ya mkebe. Risiti ile anaielewa. Asichokielewa ni ile kodi nyingine, kubwa kuliko ya kaunti, anayoilipa dukani bila kuambiwa. Anayejua anacholipa anaweza kuuliza kimefanya nini. Asiyejua hubaki kulaumu mwenye duka, mwenye duka akalaumu mwenye lori, na mtoto wa shule akamlaumu mama wa mandazi.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wenzangu wa Kiswahili. Tumetumia miaka mingi kubishana kama tuseme kodi au ushuru, ziada au ongezeko. Mijadala hiyo ni mizuri. Lakini tuandike pia, kila Juni bajeti inaposomwa, kurasa mbili za Kiswahili ambazo muuzaji wa mandazi anaweza kuzisoma kabla ya kufungia mandazi. Tueleze tofauti ya sifuri na msamaha kwa mfano wa mkate.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena kwa yule mama, nikamweleza habari za zile 16 zinazojificha katika mtungi wa mafuta. Alisikiliza huku akigeuza mandazi kwa kijiti. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Kwa hivyo hiyo nyongeza yangu," akasema, "si eti mimi ndiyo nimekuwa mchoyo. Kuna mtu anaichukua mbele yangu."

"Hivyo ndivyo, mama."

"Sasa kwa nini hawakuniambia? Ningewaambia wateja."